Unga Mwekundu wa Mbao

Mnisamehe kwa mwandiko na makosa ya herufi. Niliishia darasa la nane na huandika polepole, lakini nataka kuwaeleza kuhusu mama mmoja fundi wa nguo hapa Free Area, Nakuru, ambaye hutunga hadithi fupi za upelelezi. Huzipiga fotokopi, akazishona kwa cherehani na kuwapa wateja pamoja na nguo zao.

Ya kwanza niliipata ndani ya sketi ya dada yangu iliyotoka kupunguzwa. Niliisoma nimesimama. Mpelelezi wake ni mtu mkavu, anakunywa chai ya rangi bila sukari na hatishiki. Kuna mahali anasema, "Tajiri alinitabasamia kama mtu anayefunga mlango." Mimi huona haya hata kuitisha chai hotelini, kwa hivyo nilimpenda sana.

Mwaka huu, nyuma ya hadithi moja, mama aliandika kwamba hiyo ni ya mwisho: miaka yote hakuna msomaji aliyemwandikia hata mstari mmoja. Nilishtuka. Nilikaa jioni tatu nikiandika barua. Nilimshukuru. Halafu, kwa sababu kazi yangu ni kupasua mbao Elburgon, nikamwonyesha kosa moja. Mpelelezi alimshika mpasua saipresi kwa sababu viatu vya muuaji viliacha unga mwekundu wa mbao. Lakini unga wa saipresi ni wa manjano hafifu. Mwekundu ni wa mwerezi.

Nilipeleka barua mwenyewe, nikaiweka juu ya cherehani, nikageuka niende.

"Wee! Simama hapo." Akaisoma yote, mimi nikitazama chini. "Kwa hivyo nimefunga mtu hana makosa?"

"Ndiyo, mama. Pole."

"Pole umwambie yeye, si mimi!" Akacheka mpaka miwani ikamtoka. "Na huyo wa mwerezi yuko wapi saa hii?"

"Sijui, mama. Labda Njoro."

"Njoro! Na vile umenyamaza, kumbe unajua wauaji wanakaa wapi!"

Sasa ameanza hadithi ya kumtoa yule mtu jela. Lakini ameniambia wazi ni hiyo moja tu, kwa sababu barua moja ni msomaji mmoja. Kama umewahi kukuta hadithi yake ndani ya nguo yako, tafadhali mwandikie, hata mistari miwili. Ukiona haya, niandikie mimi, nitampelekea.