Vijiwe vya Masikio ya Kangaja

Mwanangu Agness ni mtu wa Mabawe, huku Ngara, kama sisi sote, isipokuwa kazi yake ni kutafuta umri wa samaki wa matumbawe huko pwani. Kichwani mwa kila samaki mna vijiwe viwili vya sikio. Agness hukata kimoja, hukisugua mpaka kiwe chembamba, halafu huhesabu miduara yake kwa hadubini. Mduara mmoja ni mwaka mmoja.

Julai alikuja likizo amenyong'onyea. Ripoti yake ilikuwa imerudishwa. Aliandika kwamba samaki wawili aina ya kangaja, wenye urefu uleule, mmoja ana miaka minne na mwingine ishirini na saba. Mkuu wake, Bwana Ndassa, akamwambia ametunga tarakimu.

"Umetunga?" nilimuuliza.

"Mama! Kangaja hukua mbio miaka mitatu minne ya kwanza, kisha urefu unakoma, naye anaendelea kuishi miaka na miaka. Si kama chewa, anayeongezeka polepole hadi uzeeni. Ukimpima kangaja kwa rula hujui umri wake."

Shemeji yangu Xavery, aliyekuja kuazima pampu ya dawa ya kahawa, alicheka sana. "Miaka yote hiyo ya chuo, utuambie samaki mfupi anaweza kuwa babu?"

"Ndiyo, baba mdogo."

"Basi niandike na mimi humo. Tangu nioe sijaongezeka hata inchi."

Akaenda na habari hiyo kilabuni, na huko ikakua. Jumapili, tukitoka misani, mama mmoja wa kwaya aliniuliza kama ni kweli Agness amefukuzwa kwa kughushi. Mimi, niliyefundisha miaka thelathini na moja, mjane wa mwalimu mkuu ambaye hakuwahi kuitwa popote kujieleza!

Kwetu mtoto akikwaruzana na mkubwa, mzazi hutangulia na pombe ya ndizi kuomba radhi, hata kabla haijajulikana nani mkosaji. Hapo hakuna aliyekiri kitu. Mnafungua mazungumzo tu. Pombe ingechacha kabla ya kufika pwani, kwa hiyo nilimwandikia Bwana Ndassa barua, kwa mwandiko wangu mzuri: "Naomba umsamehe binti yangu kwa yote yaliyotokea." Nikapanda bodaboda hadi Ngara mjini, nikaikabidhi kwenye basi pamoja na kahawa niliyoisaga mwenyewe. Agness sikumwambia.

Baada ya wiki moja Bwana Ndassa alimpigia simu. Kahawa hakuitaka. Barua ameiweka kwenye faili: hata nyumbani kwao wanajua alighushi, mzazi ameomba msamaha kwa maandishi.

"Ulimwandikia nini, mama?"

Nilimweleza. "Nilikuwa nalinda jina letu."

"Jina la nani? Lililo juu ya ripoti ni langu."

Nilimkasirikia kwa jibu lile. Lakini mtoto hakuwa amekosa. Aliyempa mkuu wake karatasi ya kumfunga ni mimi.

Kila samaki alikuwa amebakiwa na kijiwe cha pili, kizima, kwenye kichupa chake. Agness alitaka vikatwe vyote sitini na viwili mbele ya Bwana Ndassa. Lakini mkuu huyo alisema hakuna haja, mzazi ameshakiri. Basi nikaandika tena. Nilianza kwa kueleza desturi yetu, kurasa mbili. Agness alizisoma, akazifuta zote, akaacha mistari mitatu: kwamba sijui kosa lolote la binti yangu, kwamba aliyekosea kuandika ni mimi, na kwamba naomba vijiwe vikatwe. Nikatia sahihi.

Jana Agness alipiga simu kutoka kazini. Bwana Ndassa amekubali, kwa shingo upande. Wamekata kijiwe cha yule kangaja mzee kwanza. Bwana Ndassa amehesabu mwenyewe akapata ishirini na sita, akarudia, akapata ishirini na saba. Akasema huyo mmoja hatoshi.

Bado sitini na kimoja. Na barua yangu ya kwanza haijatolewa kwenye faili.