Kichwa Mkononi

Jina la Kasuku alibandikwa na wateja wake. Alikuwa msusi, na ukishakaa kwenye kiti chake huchomoki: vidole vinasuka, mdomo unaigiza. Mara ni mama mkwe mwenye gubu, mara ni bwana anayeomba radhi mlangoni. Wateja walicheka mpaka akawaomba watulize vichwa. Wote walimwambia vilevile: nenda jukwaani, unangoja nini?

Akaenda. Salale! Mara ya kwanza alisimama mbele ya meza ya waamuzi, mikono ikamning'inia na ulimi ukawa mzito. Mara ya pili sauti ilitoka, ila ilifaa zaidi kutangaza msiba. Zote mbili aliambiwa, "Asante, tutakupigia," na sote tunaijua simu hiyo.

Sasa kundi la maigizo lilitafuta wa kucheza mama katika mchezo mpya. Kasuku aliutaka uhusika huo kufa na kupona. Alimwapia mumewe kwamba akikosa tena, mambo ya jukwaa basi.

"Usaili, usaili," alilalama siku hiyo asubuhi, huku akimsuka shangazi yake. "Hilo neno tu linanitia tumbo joto."

Shangazi alikuwa karani wa mahakama hadi alipostaafu. "Kusaili ni kuuliza, mwanangu. Tulilipata kwa Waarabu, na halikuja na rungu. Shahidi anasailiwa, mwomba kazi anasailiwa, na nyie waigizaji ndiyo hivyo hivyo. Mtu anakuuliza, unamjibu."

"Wakiniuliza wao nasahau hata jina langu."

"Mbona hapa unaulizwa kutwa na hunyamazi?"

"Hapa nina kichwa mkononi, shangazi."

Alisema kwa utani, akafunga msuko wa mwisho, akachukua mkoba.

Ukumbini mambo yakawa yale yale. Meza, waamuzi, kimya. Mwongozaji, mwanamke mwenye nywele nyingi alizozifunga kwa kitambaa, alimkaribisha vizuri tu. Angemsomea maneno ya binti aliyerudi nyumbani baada ya kupotea miaka mingi, na Kasuku angejibu kama mama. Kasuku akafungua mdomo. Hola! Akaitazama mikono yake iliyoning'inia, akaona aibu, kisha akapandwa na hasira. Mikono hii haijawahi kukosa kazi!

"Samahani, dada," alisema, akavuta kiti. "Njoo ukae hapa. Toa na hicho kitambaa."

Waamuzi walitazamana. Mwongozaji akaja, akaketi na karatasi yake. Kasuku akamgawa nywele kwa vidole, akaanza kusuka, na hapo mama akaja mwenyewe.

"Nani alikuwa anakusuka huko?" aliuliza, taratibu, kama ilivyoandikwa.

"Hakuna mtu, mama," alisoma mwongozaji.

"Naona. Inamisha kichwa."

Hayo ya kuinamisha kichwa hayakuandikwa popote. Mwongozaji aliinamisha, na alipofika mstari uliofuata sauti ilimkatika. Mwamuzi mmoja alivua miwani akaifuta bila sababu. Kasuku hakuona chochote. Alikuwa na kazi.

Mlango ukagongwa, zamu ya mwingine. "Asante," akasema mwongozaji, akijifuta macho. "Tutakupigia."

Maneno yale yale! Kasuku alirudi saluni roho imemwinama, akashika ufagio. Mumewe, aliyekuja kumchukua, alimwona usoni, akamnyang'anya ufagio afagie yeye.

Wakati wanafunga, mlango ulisukumwa. Aliingia mwongozaji, upande mmoja wa kichwa umesukwa ukalala vizuri, upande wa pili umesimama wima kama uliogombana na mwenzake. Hivyo hivyo alikuwa amewasaili waombaji wote waliobaki, na hivyo hivyo alikuwa amepita barabarani mchana kweupe.

Akakaa kwenye kiti bila kukaribishwa, akatoa karatasi mkobani.

"Malizia, mama," alisema. "Na tuanze mazoezi. Ukurasa wa kwanza."

Mume wa Kasuku alitupa ufagio juu akapiga kigelegele, yeye mwanamume mzima. Kasuku alicheka huku machozi yakimtoka, akazishika zile nywele kwa mikono miwili.

"Inamisha kichwa, mwanangu," alisema.