Sauti Kabla ya Wimbo

Kwaya zetu hazianzi kuimba hivi hivi. Mwalimu anagawa sauti kwanza: besi wanapewa yao, halafu teno, halafu sauti ya pili na ya kwanza. Kila kundi linaishika yake kwa midomo iliyofungwa, mmmm, mpaka zote nne zitulie pamoja kama ukungu juu ya ziwa asubuhi. Ndipo wimbo unaanza. Mgawo ule hakuna anayeuita muziki. Ni kunawa mikono kabla ya ugali.

Filamu ya kwanza niliyoitungia muziki ilikuwa na mwanamke aliyekaa kwenye mawe ya ufukweni akitazama maji, basi. Wimbo wa pale niliutunga masika mazima, nikihesabu mapigo, kisha nikiyahesabu tena, maana hesabu ya mara moja siiamini hata ikiwa yangu. Tukaurekodi na kwaya yangu Mabatini, Mwanza, kwenye chumba kilichozibwa kuta kwa magodoro.

Mwongozaji alisikiliza kafumba macho.

"Kaka, hapa. Hapa hapa. Umenimaliza."

"Hapo wanapewa sauti tu. Wimbo haujaanza."

"Basi usianze."

Nilicheka. Mwanza, mtu akisema hataki, ndiyo kwanza anavuta kiti mzungumze. Nikadai wimbo mzima. Akagoma. Nikashuka: nusu, kibwagizo, mstari mmoja jamani. Yeye anaurudisha tu ule mvumo, na kwenye skrini yule mwanamke akawa kama anaelea, yeye na jiwe lake, na maji hayajulikani yanaishia wapi na mbingu inaanzia wapi. Nami nikaanza kuelea naye. Biashara mbaya hiyo. Mteja akikuonyesha uzuri wa mzigo wako mwenyewe, umekwisha.

Tukakubaliana: mvumo ukae kwenye mawe, wimbo ukae mwishoni, majina yakipanda. Nilijua nimeuza nini. Majina yakipanda, watu wanatafuta kandambili zao.

Ilionyeshwa ukumbini Buzuruga. Kwaya walikaa mbele na vitenge vyao vya sare. Mvumo ulipokuja, mama mmoja wa sauti ya pili, mtu wa Bukoba, akanigeukia.

"Mwalimu, wimbo wetu wameukata?"

"Unakuja, mama. Mwishoni."

"Watu wakishaondoka?"

Nikajitia kutazama skrini. Akanitazama kama anayetazama dagaa wake wa kuanika walionyeshewa mvua.

Majina yakapanda. Taa zikawaka, viti vikaburuzwa, na masika yangu yote yakazama kwenye zogo. Mama akasimama. Hakungoja kupewa sauti. Aliudaka wimbo pale pale ulipofika, wenzake wakaingia mmoja mmoja, besi mwisho kama kawaida yao. Mlangoni wachache waligeuka. Wengine walikwenda zao, na ni haki yao.

Mzee wa viti vya kukodi alikuwa ameshaanza kuvipanga rundo. Alisimama kidogo, akakishusha cha juu, akakikalia, kofia magotini.