Shingo Mbili za Bibi

Juzi nilishuka Rumonge kununua mawese, nikaona nipitie kwanza ufukweni nitafute kiwanja chetu cha zamani. Nikapima hatua kutoka mdomo wa mto hadi nilipodhani ndipo: mia na arobaini. Nikarudia: mia na sitini na mbili. Mto umehama au miguu yangu imezeeka, sijui. Kwa hiyo, rafiki yangu, haya nakusimulia nikiwa nimesimama mahali ambapo huenda ni nyumbani kwetu, na huenda palikuwa choo cha jirani.

Enzi za Wadachi, wale Wajerumani, hapa palinuka ndagala, dagaa wa ziwa letu. Bibi, mama yake baba, aliwaanika juu ya mchanga, nasi wajukuu tukafukuza kunguru kwa makuti ya michikichi. Asubuhi ugali wa muhogo na ndagala kwa mawese; jioni vilevile, ila ugali mdogo zaidi. Mdomo wa Bibi ulifika sokoni kabla ya miguu yake. Mnunuzi akilalamika kuwa samaki wana mchanga, alimjibu, "Muchanga nakupa bure. Kajengee adabu."

Kisha ukaingia ugonjwa wa malale. Wadachi wakatoa amri: kila mtu apapaswe shingo na daktari, mwenye uvimbe apelekwe kambini, na nyumba itakayoficha mgonjwa ichomwe. Askari akaja na daftari kuhesabu watu. Lakini kwetu watu walio hai hawakuhesabiwa. Ilikuwa kama kuwaitia kifo.

"Wajukuu wangu si ndagala," Bibi akamwambia. "Hesabu mikeka. Mikeka haifi."

Askari akahesabu mikeka tisa, akaandika watu tisa.

Sisi tulikuwa wanane: Bibi, baba, mama na watoto watano. Nilihesabu kimoyomoyo, mara mbili, Mungu anisamehe. Mkeka wa tisa ulikuwa wa mgeni. Kila nyumba ya ufukweni iliweka mmoja kwa yeyote atakayeshuka mtumbwini.

Kesho yake asubuhi daktari akapapasa shingo nane, zote nzima.

"Wa tisa yuko wapi?" askari akauliza.

"Ule iko mukeka wa mugeni, baba."

"Basi mlete huyo mgeni."

"Hajafika bado."

Askari akacheka, kisha akamtuma mwenzake alete kijinga cha moto.

Hapo Bibi akawapa mgongo. Akaingia ndani, akavua kaniki yake, akajitanda merikani ya mama mpaka machoni, akatokea mlango wa nyuma na kusimama mbele ya daktari. Nadhani askari alimtambua, maana ghafla aliligeukia ziwa kama hajawahi kuona maji. Naye alihitaji shingo tisa zake zilingane na daftari.

Daktari akapapasa. Akapapasa tena. Akaandika: ana uvimbe.

Shingo ileile, rafiki yangu! Ya Bibi nzima, ya mgeni ina uvimbe. Daktari alikosea mara ya kwanza au ya pili? Sijui mpaka leo. Baba akafungua kinywa aseme kweli. Bibi akamkanyaga mguu. Kweli ingetuchomea nyumba.

Walipompandisha mtumbwini tukaangua kilio. Akatugeukia kwa ukali.

"Munamulilia nani? Bibi yenu ameandikwa muzima, iko nyumbani. Anayekwenda ni mugeni."

Hakurudi. Wadachi nao wameondoka na daftari lao, na kambi nikiulizia ilipokuwa, kila mtu ananionyesha upande wake. Baba hakumsomea hitima. Utamsomeaje mtu aliyeandikwa mzima? Mama akaendelea kumwekea chakula chake kila jioni. Nasi watoto, wenye njaa ya kumaliza chungu, tulikitazama kikipoa, hatujui tumngoje au tumlilie, na hakuna aliyethubutu kukigusa.