Pipa Lisilodanganya

Kwa miaka tisa Florentine alijikunja ndani ya pipa lililonuka mawese, akiigiza katika mchezo ambao kikundi chao kiliuzungusha kutoka Lubondja hadi Baraka. Mchezo ulitokana na riwaya ya mfalme mwenye pipa lisilodanganya. Mfalme aliuliza, Florentine akajibu kutoka ndani, waongo wakaumbuka, na watu wakashangilia.

Mumewe alipofariki, shemeji yake Bonaventure akang'oa mpaka na kulitwaa shamba la mihogo la Florentine. Florentine akasimama kwenye baraza la kijiji, mbele ya watazamaji wake walewale, akasema alichokiona kwa macho yake, kwa sauti ileile.

"Mama, mambo ya mashamba achia wanaume," wakamwambia.

"Aingie kwanza mu pipa," Bonaventure akasema, "ndio tutamusikia."

Wakacheka wote. Hata yule aliyekuwa mfalme wake mchezoni.