Mama wa Bibi Harusi Amesafiri

Mama Fundi alikuwa na matende mguu wa kushoto. Mtaa mzima uliujua ule mguu kuliko ulivyomjua mwenyewe. Kila mwezi alikwenda kliniki, nesi akauzungushia tepu ya kupimia, akaandika kipimo. Siku moja akajikaza akasema, "Nesi, silali. Nalia mpaka natamani nisiamke." Nesi, mtu mwema kabisa, akatafuta kwenye fomu pa kuandika maneno hayo, asipaone. "Lakini mguu umepungua, hongera!" Basi mguu ukapongezwa, mwenye mguu akarudi nyumbani na kipande cha sabuni cha kuuoshea.

Binti yake akapata mchumba. Gauni la harusi nani alishone kama si mama? Akalikalia kwenye cherehani wiki tatu, na la kwake mwenyewe la kuvaa siku hiyo akalimaliza. Ndipo wifi yake akaja, mdomo umejaa asali.

"Wifi, tumekuonea huruma. Watu wa bwana harusi wataanza: ugonjwa wa ukoo, sijui nini. Tumewaambia umesafiri kutibiwa."

Looh! Huruma nyingine bora matusi.

"Mwanangu anasemaje?"

"Si ndiye aliyeanzisha?"

Hapo moyo ulimpasuka, na hakuna tepu ya kupima hilo.

Siku ya siku, Mama Fundi alijifungia ndani kama msafiri mwenye adabu. Saa nane mchana mlango ukagongwa: wifi, anahema, kilemba upande. "Zipu ya bibi harusi imefyatuka! Njoo, tutapitia uani!" Kumbe safari zina dharura.

Akavaa lile gauni lake jipya, akaenda. Katika chumba cha nyuma ya ukumbi akamshonea binti gauni mwilini, huku wifi akiwahi kurudi kwa wageni. Alitaka mwanawe ageuke tu, amtazame. Binti aliangalia kioo.

"Asante, mama. Utatokea kulekule uani, eti?"

Mama Fundi akakata uzi kwa meno. Kisha akafungua mlango wa ukumbini, akapita katikati ya wageni, polepole, maana mguu ule haujui mbio. Vijiko vikasimama. Machozi yalimtiririka, wala hakuyafuta. Kwenye kiti cha mbele, kile cha mama wa bibi harusi, alikuwa amejaa wifi.

"Wifi," alisema, "inuka."