Kurusha Mshipi Uani Al-Safa

Mwaka ule likizo yangu ilitegemea samaki. Nikisema hivyo watu hucheka, kwa hiyo acha nieleze polepole.

Nilikuwa dereva wa familia moja ya Riyadh. Shule zikifungwa, sote tulihamia Jeddah, kwenye nyumba ya wazazi wa bosi mtaa wa Al-Safa, ambako kulikuwa na dereva mwingine. Kutoka hapo bosi alipanda ndege na shemeji zake kwenda mto wa mbali kaskazini, nchi ambayo majira hayo jua karibu halizami, kuvua samaki aina ya trauti, wa mwituni, wakiongozwa na mwenyeji wa huko. Yeye akisafiri, familia ilibaki Jeddah na mimi nilikuwa huru kwenda kwetu Kenya. Asiposafiri, tungerudi Riyadh wote, na Riyadh dereva nilikuwa mimi peke yangu.

Nilihitaji kwenda. Mamangu alikuwa na mtoto wa jicho, macho yote mawili, na daktari alikuwa tayari kumpasua. Mama ndiye aliyegoma. Alisema haingii chumba cha upasuaji mpaka mimi niwe nimekaa kwenye benchi nje ya mlango. Dada yangu alimbembeleza. Mchungaji akaja akaomba naye. Mama akaitikia amina, kisha akarudia maneno yaleyale.

Basi siku moja, tukitoka kununua mkate, bosi akaniambia garini kwamba mwaka huu haendi. Alisema kama mtu anayezungumzia hali ya hewa. Mwaka uliopita, alieleza, yule kiongozi wa mtoni alichoka kumfundisha, akachukua fimbo na kumvulia mwenyewe. Shemeji zake walikuwa hawajaacha kumtania. Hata kwenye harusi ya juzi mmoja alimuuliza kama kiongozi humlisha pia.

Nilishika usukani kwa mikono miwili. Nilimfikiria mama.

Jioni ile, kabla ya magharibi, nilimkuta bosi uani na fimbo yake ya kuvulia, ndefu nyembamba, akijaribu hata hivyo. Hapo nikapata tumaini, maana aliyekata tamaa kabisa hatoi fimbo kwenye mfuko. Alirusha kwa nguvu zote, na ndoana ikaenda kunasa vazi jeusi kwenye kamba ya nguo. Madam, mke wa bosi, akachungulia dirishani.

"Umevua abaya yangu," akasema. "Mafi samaki? Hakuna?"

Bosi akacheka kidogo, lakini masikio yake yalikuwa mekundu. Nikaenda kuinasua ile ndoana, na nilipokuwa naitoa nikamwambia kwamba kabla ya kuja Saudia nilifanya kazi kwenye mto mmoja wa milima ya Nyandarua. Wazungu wa zamani walipanda trauti huko, samaki wakazaliana wakawa wa mwituni kama wenyeji, na kazi yangu ilikuwa kuwapeleka wageni mtoni na kuwaonyesha pa kurusha.

Akanigeukia. "Kenya kuna maji baridi?"

"Asubuhi unaingia mtoni, bosi, huhisi miguu."

Akanipa fimbo. Sikuichukua. Nilimwambia aishike yeye, mimi nitazame.

Kosa lake nililiona mara moja, na lilikuwa kosa la mtu wa Jeddah. Alikuwa amefundishwa kuvua na baba yake, baharini, kwa uzi wenye kipande cha madini ya risasi mwishoni. Risasi ni nzito. Ukiitupa kwa nguvu, uzi unaifuata. Lakini trauti huvuliwa kwa nzi wa bandia, manyoya yaliyofungwa kwenye ndoana ndogo, na manyoya hayana uzito. Uzito uko kwenye mshipi wenyewe. Kwa hiyo kwanza unaupeleka nyuma, unausubiri unyooke wote mgongoni kwako, ndipo unauleta mbele. Ukiharakisha, unakuangukia kichwani kama tambi.

Nilikata ncha ya ndoana, nikaweka sinia la chai katikati ya ua, nikamwambia hilo ndilo jiwe ambalo trauti amejificha nyuma yake. Akarusha. Tambi. Nikamwambia asubiri zaidi nyuma. Akasubiri mno, mshipi ukalala sakafuni. Nilijaribu kumhesabia kama nilivyowahesabia wageni wetu, lakini mkono wake haukusikia hesabu yangu. Nikaacha kuhesabu. Nimejifunza kwamba mtu akishindwa mara nyingi mbele yako, jambo jema ni kumpa nafasi ya kufikiri.

"Muda huo wa nyuma," akauliza, "ni kama kusema subhanallah mara moja?"

Nilijaribu kichwani. "Useme bila haraka, bosi. Kama baada ya sala."

Akapeleka mkono nyuma, midomo ikatikisika, akauleta mbele. Mshipi ukafunguka hewani, mrefu, na manyoya yakashuka kwenye sinia bila sauti.

Akarudia. Ukakosea kidogo, ukapata tena. Madam alikuwa bado dirishani, na safari hii hakutania. Aliwaita watoto waje waone.

Nami nilikuwa nimefurahi kweli, kwa ajili yake, lakini sikuthubutu kuuliza kama sasa atasafiri. Adhana ikalia, akaniachia fimbo niirudishe mfukoni, akaingia ndani. Nilifuta mshipi kwa kitambaa, taratibu kuliko ilivyohitajika.

Baada ya sala alitoka na pasipoti yangu mkononi.

"Nimewaambia shemeji zangu nakwenda. Ruhusa yako ya kutoka na kurudi nimeshaomba." Akanipa pasipoti. "Halas, yameisha. Nenda ukamwone mama."

Nilikaa kwenye ngazi ya mlango wa nyuma. Nilipompigia mama simu, aliuliza jambo moja tu: kama amwambie daktari sasa, au asubiri nifike kwanza. Nikamwambia amwambie sasa.

Nilikaa kwenye benchi lile. Lilikuwa la mbao, fupi, nami nilihama kila mara kuwapisha akina mama wenye watoto. Siku ya kumfungua bandeji ya jicho la kwanza, tukiwa tunamngoja daktari amalize kuandika dawa, simu yangu ikatikisika. Bosi alikuwa ametuma picha: mkono wake ndani ya maji maangavu, na juu ya kiganja trauti aliye karibu kuachiliwa. Chini yake aliandika neno moja tu: subhanallah.

Mama akataka kujua nacheka nini. Nikampa simu, nikiwa nimesahau kwamba kwa muda mrefu tumekuwa tukimweleza picha zote kwa mdomo. Akaisogeza mbali, akaileta karibu.

"Huyu samaki," akasema, "ana madoadoa mekundu ubavuni."